Mchezo wa Vita na Haki ya Marehemu

Mtu atokaye Mafinga kushuka Madibira huiacha nyuma baridi ya Mufindi, akaingia katika mbuga ya Usangu, nchi tambarare, yenye joto, iliyojaa mpunga. Mgeni asiyeambiwa hawezi kudhani kuwa nchi hii ilikuwa uwanja wa mikuki. Katika karne ya kumi na tisa Wahehe na Wasangu waliigombania. Wasangu wa Merere wakashindwa, wakahamia Usafwa, wala hawakurejea kwao mpaka miaka ya 1890, walipokuwa wamefanya shauri moja na Wajerumani juu ya Mkwawa. Leo wajukuu wa pande zote mbili hulima majaruba yanayopakana, na maji yao ni ya mto mmoja, Ndembera.

Mahali kama hapo ndipo pa kupimia jambo ambalo katika nchi nyingine huonekana kuwa pumbao tu. Uingereza, Marekani na kwingineko wako watu wazima, wenye akili timamu na kazi zao, ambao siku za mapumziko huvaa mavazi ya vita vya zamani wakaenda uwanjani kupigana vita ambavyo mwisho wake unajulikana. Uingereza chama kimoja cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1968, kuvicheza vita vya mfalme na bunge vya karne ya kumi na saba. Mwaka 2015 maelfu ya watu walikusanyika Waterloo, Ubelgiji, kuyacheza mapigano yaliyomwangusha Napoleon mwaka 1815. Watu hawa hawalipwi. Wao ndio walipao. Hushona koti kwa mkono ili mshono uwe kama wa zamani, hulala juu ya majani, hubeba bunduki yenye baruti isiyo na risasi. Hutafuta nini?

Wenyewe hujibu kuwa wanapenda historia. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, maana kitabu ni rahisi kuliko koti. Wanaowalaumu husema kuwa wanapenda damu. Hilo si haki: aliye na kiu ya damu haendi mahali ambapo kila aliyeuawa huamka jioni akatafuta chai. Sababu iliyo karibu zaidi na moyo ni nyingine. Mtu aliyekulia katika amani huishi na swali ambalo maisha yake hayajamwuliza: kama ningalikuwapo, ningalisimama au ningalikimbia? Babu yake aliulizwa akajibu. Yeye hakuulizwa, na kutoulizwa huko humwasha kama upupu. Basi huenda uwanjani kulitafuta swali. Masikini, halipati, kwa kuwa kitu cha pekee kiwezacho kuliuliza ni hofu ya mauti, nacho ndicho kitu kilichoachwa nyumbani.

Lakini kujidanganya nafsi ni kosa dogo. Kosa kubwa, likiwapo, ni juu ya wafu. Na tuseme vijana wa Iringa wameazimia kuyacheza mapigano ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo Wahehe walilivamia jeshi la Zelewski, wakamwua yeye na askari zaidi ya 200. Upande wa Mkwawa ungejaa asubuhi moja. Nani angekubali kuwa Zelewski? Yamkini angepatikana mcheshi mmoja. Nani basi angekubali kuwa wale askari, Waafrika waliotolewa Sudani na Msumbiji, wakafa katika nchi wasiyoijua kwa ajili ya watu wasio wao? Hao hawana mjukuu wa kuwaomboleza Iringa, sembuse wa kuwacheza.

Tena mchezo huchagua siku. Lugalo huchezeka, miaka iliyofuata haichezeki. Kalenga ilivunjwa tarehe 30 Oktoba 1894, na kwa karibu miaka minne Mkwawa aliwindwa, watu wake wakishikwa na njaa, mpaka alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limewekwa Kalenga. Ni nani awezaye kuicheza njaa? Vita vikipunguzwa mpaka vikabaki saa mbili za ushujaa, marehemu waliokufa baada ya saa hizo wamedhulumiwa, nao ndio wengi.

Hata hivyo si kila mchezo wa vita ni dhuluma. Ngoma ya beni ilianza pwani mwishoni mwa karne hiyohiyo, ikaenea bara kwa njia za askari na wapagazi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Wachezaji wake hawakuwacheza mababu. Walimcheza mshindi: tarumbeta, gwaride, bunduki za mti, vyeo vya kingi na jenerali. Mchukuzi aliyeitwa wewe bandarini aliitwa jenerali jioni. Wako waliosema kuwa huko ni kumsujudia mtawala, na wako waliosema ni kumdhihaki. Huenda yalikuwa yote mawili, na ni vigumu kumlaumu mtu anayekivaa cheo alichonyimwa.

Liko jambo moja lililotendeka Marekani mwaka 1913. Wazee waliopigana Gettysburg mwaka 1863 walirudi hapo baada ya miaka hamsini, na waliokuwa wa kusini wakatembea tena kuuelekea ukuta wa mawe walioushambulia ujanani. Ng'ambo ya ukuta walisimama maadui zao wa zamani, nao walishikana mikono. Huo ulikuwa mchezo ambao adui alikuwamo kwa nafsi yake. Wanaovaa koti leo humkodi adui miongoni mwa rafiki zao.

Huku adui hakodiwi. Wahehe na Wangoni walipigana tangu 1878 mpaka mwanzo wa miaka ya 1880, wasishindane, na baada ya vita wakawa watani. Utani hauna koti wala baruti. Kila mmoja humwambia mwenziwe kuwa babu yake alikimbia, na mwenziwe yupo, husikia, hujibu, na akishindwa kujibu hulipa. Ndiyo kusema kwamba vita havijaisha, ila vimehamia kinywani. Mngoni aliyekuja kulima mpunga akifia Madibira, Mhehe hufika matangani, akamwambia maiti aondoke upesi kama walivyoondoka wazee wake, akadai hapiti mtu mpaka apewe chochote. Kisha hushika jembe, akaingia kaburini, akachimba.