Amana ya Mgonjwa, Ujira wa Daktari
Mgomo wa madaktari wa Kenya wa mwaka 2024, uliodumu kwa siku 56, ulizua swali la kimaadili kuhusu madaktari wanagenzi, yaani wahitimu wanaotibu chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu, ambao serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 za makubaliano ya 2017. Katika Kaunti ya Tana River, ambako mafuriko hukata barabara ya Garsen na wagonjwa huvushwa kwa mashua, kumwacha mgonjwa kwa sababu ya mgomo ni kuvunja amana. Lakini Uislamu, unaohimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, unafundisha kwamba ujira nao ni amana. Kwa hiyo, anayempunja daktari mwanagenzi humdhulumu pia mgonjwa anayemtegemea daktari huyo.