Maneno ya Krismasi

Baba alifariki Agosti, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ndani ya sanduku lake la bati tulikuta risiti za mbolea za miaka nenda miaka rudi, kadi yangu ya kliniki na hatimiliki ya shamba, ekari tatu. Wosia, hakuna. Karo yangu ilikuwa kwa akaunti yake, na benki haifungui mkono bila karatasi za korti. Nikaacha chuo.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Baada ya matanga, baba mdogo aliniita kando. Akasema Krismasi iliyotangulia Baba alimwahidi ekari moja, ile ya karibu na mto, kwa sababu ndiye aliyenilipia karo ya sekondari. Shahidi? Shangazi, ambaye wanapikiana chai kila siku.

Sheria ya Urithi ya Kenya, ile ya 1972, haidharau maneno matupu. Wosia wa mdomo unakubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Krismasi hadi Agosti ni miezi minane. Kama Baba aliyasema hayo, basi yalikuwa yameshachacha kama maziwa.

Kwa korti, imeisha. Ila mimi si korti. Karo kweli alilipa, na Baba ninamjua: akishiba, aliahidi.

Zamani nilidhani wosia ni mambo ya matajiri wa Karen. Sasa naona Baba alinyamaza asimuudhi mtu, na kazi ya kuudhi watu akaniachia mimi. Ati marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Angeandika nusu ukurasa, mashahidi wawili watie sahihi, nisingekuwa napima uso wa baba mdogo nikitafuta uongo.

Sisi tukiwepo, mke na watoto, yeye si mrithi. Sahihi yake haihitajiki popote. Ana dhamiri zetu tu. Mama na dada zangu wameshasaini fomu ya mgao, na jina lake halimo. Imebaki yangu. Tangu Machi iko chini ya godoro.

Juzi nilimwomba Mama aandike wosia wa kile kiploti chake.

“Unanichimbia kaburi?”

Usiku akaja na daftari. “Nitaandika,” akasema. “Lakini niambie kwanza, mwanangu: alikuahidi wewe chochote?”