Je, mtu aweza kutoa kisicho chake?

Katika kijiji kimoja alikuwako kijana mwaminifu, karani wa chama cha akiba. Kila juma wanachama walimletea fedha, naye aliandika katika simu yake jina la kila mmoja na namba yake. Siku moja rafiki yake alimsifia programu inayomulika kama tochi. Kijana akaiweka katika simu. Mara kioo kikamwuliza kama programu hiyo yaruhusiwa kuona orodha ya majina. Kijana hakusoma. Jua lilikuwa limekuchwa, naye alitaka mwanga tu. Akagusa neno la kukubali, akaenda zake akimulika njia.

Wengi watasema: «Kosa liko wapi? Simu ni yake, na kidole ni chake.» Ni kweli, simu ni yake. Lakini majina yale yalikuwa ya nani? Mama mjane aliyempa namba yake alimpa kwa ajili ya chama, wala si kwa ajili ya tochi. Mzee aliyemnong'oneza namba ya mtoto wake aliye mjini alimwamini yeye, wala hakumwamini mgeni asiyejulikana. Basi kijana alifungua mlango, na nyuma ya mlango ule zilikuwamo mali za wengine. Hapo ndipo linapozaliwa swali la haki: je, mtu aweza kutoa kisicho chake?

Kwanza yafaa kufahamu namna mambo yanavyokwenda. Simu ya kisasa ni kama nyumba yenye vyumba vingi: chumba cha majina, cha picha, cha barua, cha sauti, na kile kinachoonyesha mahali mtu alipo. Kila programu ni mgeni. Zamani, katika simu nyingi za Android, mgeni alitaja vyumba vyote alivyovitaka siku ya kuingia, na mwenye nyumba alikubali vyote pamoja au alimfukuza. Tangu mwaka 2015 mpango huo ulibadilishwa. Mgeni akitaka chumba cha siri hana budi kubisha hodi, na mwenye nyumba aweza kukubali chumba kimoja na kukataa kingine. Kwa hiyo swali linalotokea juu ya kioo si pambo. Ni hodi ya mgeni, nayo yangoja jibu la mtu mwenye akili.

Si kila ombi ni baya. Programu ya kuongea kwa sauti yahitaji kusikia sauti. Ramani yahitaji kujua mahali msafiri alipo. Lakini tochi yahitaji taa. Majina ya watu ni ya nini kwake? Mgeni aliyekuja kuomba moto wa kuwashia jiko, kisha akaanza kufungua masanduku ya chumbani, hakuja kwa ajili ya moto.

Jambo hili si hadithi tu. Mwaka 2013, huko Marekani, halmashauri ya serikali inayosimamia biashara ilimshtaki mtengenezaji wa programu moja ya tochi, iliyokuwa imewekwa katika mamilioni ya simu. Ilionekana kwamba programu hiyo ilipeleka habari za mahali watu walipo kwa wafanya biashara wa matangazo. Tena ilianza kukusanya habari kabla mtu hajagusa neno la kukubali au la kukataa. Mgeni alikuwa amekwisha ingia, na hodi yake ilikuwa uwongo.

Karibu zaidi, katika nchi ya Kenya, zilienea programu za kukopesha fedha. Mwenye shida aligusa kioo mara chache, akapata mkopo bila kuweka rehani. Kumbe mara nyingi rehani ilikuwako, nayo ilikuwa orodha yake ya majina. Mtu alipochelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu ndugu zake, rafiki zake na hata wakubwa wake wa kazi, wakimwaibisha mbele yao. Watu wasiokopa kitu wakasumbuliwa kwa sababu tu namba zao zilikuwamo katika simu ya mwingine. Serikali ya Kenya ilikuwa imetoa sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Kwa nguvu ya sheria hiyo, mwezi wa Septemba 2023, kampuni moja ya kukopesha ilitozwa faini ya shilingi 2.975.000, kwa kuwa ilitumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, ikapeleka vitisho. Mwaka uleule, tangu tarehe 31 Mei, Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisiguse orodha ya majina wala picha za wakopaji.

Nani alikosa katika jambo hilo? Mkosaji wa kwanza ni mkopeshaji. Baba mwenye mtoto mgonjwa, asiye na fedha ya dawa, atakubali lolote atakaloulizwa. Ndiyo yake yatoka katika dhiki, wala si katika uhuru kamili, na anayeitumia dhiki ya maskini kama kamba ya kumfungia atenda dhambi nzito mbele ya Mungu. Lakini hata dhiki haigeuzi mali ya jirani kuwa mali ya mwenye dhiki. Baba yule aweza kuweka rehani baiskeli yake. Hawezi kuweka rehani baiskeli ya jirani, wala jina la jirani.

Mafundisho ya Kanisa ni wazi. Amri ya saba yakataza kutumia mali ya mwingine bila haki. Amri ya nane yatulinda na uwongo, tena yalinda siri na heshima ya jina. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2489 mpaka 2492, yafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua, na kwamba kila mtu apaswa kuheshimu maisha ya wengine yaliyo ya faraghani. Siri iliyowekwa kwa mtu ni amana. Aliyeipokea ni mlinzi wake, si mwenyewe. Sheria za Kongo nazo zaelekea huko: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya barua na simu zake.

Hapa wengine huleta neno lenye sura ya utauwa. Husema: «Mungu huona yote. Asiyetenda ovu hana la kuficha, basi kwa nini afunge mlango?» Neno hilo lataka kupimwa. Mungu huona moyo kwa sababu ndiye aliyeuumba, naye huuona kwa mapendo. Mfanya biashara wa majina hakuumba moyo wa mtu, wala hautazami ili kuuokoa. Tena, Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliwaagiza wafuasi wake waingie chumbani na kufunga mlango wanaposali. Sala si ovu, na hata hivyo ina mlango wake. Na katika kitabu cha Ufunuo, Bwana aonekana amesimama mlangoni akibisha hodi. Yeye aliye na haki ya kuingia kila mahali angoja kufunguliwa! Ikiwa Mungu aheshimu mlango wa mtu, binadamu atauvunja kwa haki gani?

Mkatekumeni azidi kufahamu jambo hili kwa njia anayoipitia mwenyewe. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe wasimbatize mtu mzima upesi. Aliweka miaka minne ya kungoja na kufundishwa, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa. Kwa nini muda mrefu namna hiyo? Kwa sababu ndiyo isiyofahamika si ndiyo ya mtu huru. Siku ya batizo, mkatekumeni huulizwa neno kwa neno: Je, wamkataa shetani? Je, wasadiki? Naye hujibu kila swali akijua analolijibu. Basi yafaaje, mtu anayejifunza kwa miaka kusema ndiyo mbele ya Mungu, aseme ndiyo mbele ya kioo kabla ya kope kufumba?

Kijana yule wa tochi alikosa bila kujua, na Mungu hamhesabii mtu dhambi asiyoifahamu. Lakini alipofundishwa, hakujificha nyuma ya ujinga wake. Aliiondoa programu ile. Kisha siku ya chama alisimama mbele ya wanachama akawaeleza yaliyotokea, akaomba radhi. Hajui hata leo kama majina yao yalichukuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki: kufunga mlango leo hakurudishi kilichokwisha kutoka jana. Mama mjane alinung'unika kidogo, kisha akasema: «Heri umesema. Akinipigia mtu nisiyemjua na kunitaja jina, nitakuwa macho.» Ukweli ule ulimfaa kuliko ukimya.

Tena kazi ya ulinzi si ngumu. Katika simu nyingi za Kongo, zilizo katika lugha ya Kifaransa, mtu hufungua «Paramètres», kisha «Applications», kisha «Autorisations». Huko ataona kila programu na vyumba ilivyopewa. Kwa kila kimoja na ajiulize: je, mgeni huyu ahitaji chumba hiki kwa kazi yake? Kama hahitaji, amkatalie. Tangu mwaka 2020 simu mpya za Android zaweza pia kutoa ruhusa ya mara moja tu, itakayokwisha kazi ikiisha. Na programu isiyotumika iondolewe kabisa. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule au jirani mwaminifu amsomee, kabla ya kugusa.

Maulizo ya kukumbuka

Swali: Namba za watu zilizomo katika simu ni mali ya nani?
Jibu: Ni amana. Mwenye simu amekabidhiwa kuzilinda.

Swali: Mtu apaswa kufanya nini programu ikiomba ruhusa?
Jibu: Asome, afikiri kama kazi yake yaihitaji ruhusa hiyo, kisha akubali au akatae kwa uhuru.

Swali: Na aliyekwisha kosea afanye nini?
Jibu: Afunge mlango, awaambie ukweli wale waliomwamini, na awe mwangalifu zaidi.