Ramadhani 17: Vumbi la mbao, na mbao yenyewe



Kaka yetu mmoja hapa msikitini wiki nzima yuko ofisini, Jumamosi na Jumapili ni mtu wa patasi na kerezo. Si biashara, ni mapenzi tu. (Karuhusu nisimulie, jina nalihifadhi.) Wikiendi hii amekereza bakuli mbili za tende, akaanza kuchonga marufaa ya watoto wa madrasa. Akaniuliza: "Shekhe, vumbi likiniingia kooni, funga ipo?"

Funga ipo. Vumbi lisilozuilika limesamehewa, kama la barabarani au la anayechekecha unga. Jifunge kitambaa puani, endelea. Wala msiidharau kazi hiyo: Nabii Zakariya alikuwa seremala, kapokea Imam Muslim.

Nami nikamuuliza la kwangu: huo mninga umetoka wapi? Akanyamaza kidogo. Aliletewa usiku, bei ya kutupa, hakuna kibali wala risiti. "Ni vipande viwili tu, shekhe."

Hapo sasa! Tunahofia vumbi la kooni, ubao wenyewe hatuulizi ulikotoka. Msitu ni amana ya wote, na juu ya marufaa hiyo utakaa Msahafu.

Kasimamisha kazi, mashaallah. Kesho anakwenda ofisi ya misitu kueleza. Nimempa mbao za mlango wangu wa zamani aanze upya, watoto waipate kabla ya Idd, inshaallah.