Ndege ya Ukumbusho na Waliokuwa Chini Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baad.

Waingereza huwakumbuka wanahewa wao wa Vita vya Pili kwa kuzirusha ndege kongwe, na miongoni mwazo imo ndege ya mabomu iitwayo Lancaster. Watu huinua nyuso, na wengine hulia. Wanaokumbukwa ni vijana 55,573 wa jeshi la mabomu waliokufa.

Sisi wa darasa la Komarock, tulio jirani na kiwanja cha Eastleigh, jambo hili latugusa. Ndege yao hiyo, nambari PA474, iliundwa mwaka 1945 na haikupata kwenda vitani. Baada ya vita ililetwa Afrika Mashariki kuipiga picha ardhi kutoka juu. Ndugu yake, Lincoln, ndiyo iliyoruka kutoka Eastleigh baina ya mwaka 1953 na 1955 ikaangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Basi twauliza: je, yafaa kumheshimu maiti kwa kukirusha chombo alichoulia?

Wako wasemao kuwa haifai kabisa. Sisi hatuendi mbali hivyo. Mtume wetu (s.a.w.) aliliinukia jeneza la Myahudi kwa kuwa ni nafsi. Mama aliyefiwa ana haki ya kulia, awe wa dini yoyote.

Lakini Mtume huyo huyo alikataza kuwaua wanawake na watoto vitani. Mji wa Hamburg, mwezi wa Julai 1943, ulipoteza kwa mabomu watu zaidi ya 30,000, walio wengi raia. Hao nao ni nafsi. Atakayejibu kwamba nia ya ukumbusho ni njema, twamwambia: nia njema haiugeuzi ushahidi nusu ukawa ushahidi kamili. Aliyetumwa ni mmoja, aliyemtuma ni wa pili, na aliyeangukiwa ni wa tatu. Ukumbusho umtajao wa kwanza peke yake humsitiri wa pili, na wa tatu humzika mara mbili.

Wala tusijitoe na sisi katika lawama. Mwaka 1940 ndege za Wataliani ziliuangushia mabomu mji wa Malindi. Vijana wetu wangapi wanalijua hilo? Twalalamika kwamba wageni hawatukumbuki, na hali wazee wetu waliosikia kishindo kile wametutoka mmoja mmoja bila ya kuulizwa wala kuandikwa. Kumwombea maghufira maiti ni kwa Muislamu mwenzetu. Ama kusemwa kwa kweli, hiyo ni haki ya kila aliyeuawa. Aliyebakiwa na mzee nyumbani na amkalie leo, amuulize, aandike.

Wabillahi tawfiq.