Sahihi na Usahihi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Sahihi ni alama unayoitia chini ya karatasi. Sahihi pia ni kitu kisicho na kosa. Kwenye picha za kidijitali mambo hayo mawili huachana.

Kamera inayotia sahihi, kama Leica M11-P ya mwaka 2023, hukokotoa namba ndefu kutokana na picha, kisha huifunga kwa ufunguo wa siri. Ukibadilisha hata nukta moja ya rangi, namba hazilingani tena na sahihi inavunjika. Mhariri hulalamika: nimeongeza mwanga tu, mbona naonekana mwongo? Lakini sahihi haikuapa kwamba picha ni ya kweli. Ilisema tu: hii ndiyo niliyoitoa, kama ilivyo.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akipiga picha, zikiwamo za wanawake wa Kimakonde wenye ndonya mdomoni na nembo zilizochanjwa usoni. Tuseme leo mtu anaisafisha mojawapo kwa programu. Akiongeza mwanga, nembo zinaonekana vizuri zaidi. Akilainisha ngozi, programu inaweza kuzidhania makovu na kuzifuta. Kama faili lilikuwa na sahihi, itavunjika sawasawa mara zote mbili. Hesabu haijui kwamba tendo la kwanza limemsaidia mama yule, na la pili limemnyang'anya uso wake.

Kwa hiyo sahihi ya zamani na ivunjike. Kuihamishia kwenye picha mpya ni kumsemea mtu asichokisema. Ila tusiishie hapo. Kwenye daftari la ghala la korosho, karani mwaminifu akikosea uzito hafuti. Anapiga mstari, namba ya kwanza ibaki ikisomeka, anaandika mpya, na kutia sahihi yake pembeni. Mhariri wa picha afanye vivyo hivyo: aihifadhi ya awali na sahihi yake, aeleze alichobadilisha, kisha atie sahihi yake mwenyewe.

Hata hivyo, mnyororo huo wote unaanzia kwa aliyeshika kamera. Mama wa Newala hayumo. Alama yake pekee katika faili lile ni nembo usoni, na hiyo hakuna ufunguo wa siri unaoilinda. Inalindwa na dhamiri ya anayehariri.