Jinsi Wakristo wa Kale Walivyoyasoma Maandiko ya Waebrania
(Luka 24:25–32)



Katika njia ya Emau Bwana wetu aliwafungulia wanafunzi wawili Maandiko, akaanza na Musa, akaendelea na manabii. Wakati ule hapakuwa na Agano Jipya lililoandikwa. Biblia ya mitume ilikuwa Maandiko ya Waebrania. Basi Wakristo waliokuja nyuma yao iliwapasa kuuliza: Kitabu hiki ni chetu? Nasi tukisomeje?

Alikuwako mtu wa Sinope katika nchi ya Ponto, jina lake Marcion, tajiri mwenye merikebu. Alipofika Rumi alilipa kanisa fedha nyingi, sesterti 200,000. Huyo alifundisha ya kuwa Mungu wa Musa siye Baba wa Yesu Kristo. Akalitupa Agano la Kale lote, akashika Injili ya Luka peke yake na nyaraka kumi za Paulo. Lakini angalieni: hata Luka na Paulo hawakubaki wazima mikononi mwake, maana Musa na manabii wamo ndani yao. Ikambidi akate huku na huku. Mwaka 144 kanisa la Rumi lilimtenga, likamrudishia fedha zake zote. Maskini wao walikuwa wengi, hata hivyo hawakukubali kuuza Zaburi na Isaya.

Wengine walilishika Agano la Kale, lakini walilishika vibaya. Uko waraka wa kale uitwao wa Barnaba. Mwandishi wake alisoma habari ya watu 318 wa Abramu (Mwanzo 14:14). Wayunani wa kale waliandika hesabu kwa herufi: kumi na nane ni herufi mbili za kwanza za jina la Yesu, na mia tatu ni herufi yenye umbo la msalaba. Akafurahi, akasema kwamba hapo Yesu na msalaba wake wameonyeshwa. Lakini Mwanzo haikuandikwa kwa Kiyunani! Huyo hakuchota kisimani. Alimwaga maji yake mwenyewe, kisha akayateka. Tena alisema kwamba agano si la Israeli, ila letu tu. Lakini Paulo anatuonya tawi lililopandikizwa lisijisifu juu ya matawi (Warumi 11).

Alikuwako naye Justin, mzaliwa wa Samaria, aliyeuawa Rumi kwa ajili ya imani yapata mwaka 165. Aliandika kitabu cha mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trypho. Walishindana sana juu ya manabii, na Justin hakukosa maneno makali. Lakini mwishoni waliachana kwa amani, kila mmoja akimwombea mwenziwe heri. Na Origen wa Aleksandria, aliyezaliwa yapata mwaka 185, alitafuta mara nyingi maana zilizofichika, pengine kupita kiasi. Hata hivyo hakuona haya kuwauliza Wayahudi maana ya maneno yao, akapanga Kiebrania na tafsiri za Kiyunani safu kwa safu, apate kulinganisha.

Sasa, mwalimu, ukifundisha habari ya nyoka wa shaba, anza jangwani. Waeleze watu jinsi Israeli walivyonung'unika, wakaumwa, wakatazama, wakapona (Hesabu 21). Ndipo uwaongoze mpaka Yohana 3:14, ambako Bwana mwenyewe ameifungua maana yake. Usipite upesi, wala usiongeze mafumbo ya kichwa chako.

Wala usiseme, Agano Jipya latosha. Mama aliyefiwa na mtoto atalia kwa maneno gani, ukimnyang'anya Zaburi? Bwana wetu naye alizishika kinywani mwake pale msalabani. Kitabu alichofia nacho mkononi mwa moyo wake, sisi ni nani tukiweke kando?

Yeye aliyewasha mioyo ya wale wawili njiani aiwashe na yetu. Amina.